Mwalimu wa Kemia na Taa Isiyo na Risasi

Mwalimu wa Kemia alikuwa mwongo, na nalisema hili kwa heshima zote. Hakuongopa ili apate cheo, wala ili amchafulie mtu jina. Aliongopa kama watu wengine wanavyotafuna muwa, kwa raha tu, mdomo ukiwa na nafasi. Na kwa kuwa uso wake ulikuwa wa mama wa kanisani, mpana na mtulivu, wenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, ungemwamini kabla hajamaliza kusema.

Anayetaka kujua alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, aende Heru Juu akaulize. Watamsimulia mpaka achoke. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi kwenye nyumba za walimu Kasulu, na nitasema yale niliyoyaona kwa macho yangu na machache niliyoyasikia kupitia huo ukuta.

Nilipofika kufundisha Kiswahili nilikuwa nimetoka Lushoto, sina nimjuaye. Jioni ile ile alibisha hodi akiwa na sahani ya ugali wa muhogo na maharage, akaketi bila kukaribishwa, akanitazama nikila.

"Umeshafundishwa kusalimia?"

Nikamwambia shikamoo naijua tangu utotoni.

"Shikamoo ni ya ofisini, mwanangu. Hapa uko kwa Waha. Hapa mtu unampigia makofi."

Hilo lilikuwa kweli. Waha husalimiana kwa kuinama na kupiga makofi polepole, huku mtu akiulizwa habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za ng'ombe, na za ng'ombe wa jirani pia. Ni salamu nzuri, haina haraka, na mpaka leo naiona ni bora kuliko zetu. Uongo ulikuja baada ya hapo.

"Ila kuna jambo wageni wanakosea," akasema, akishusha sauti. "Anayeacha makofi kwanza, huyo ametukana. Usikubali kuwa wewe."

Nikamshukuru. Naye akatoka kwangu akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mwenyekiti wa bodi ya shule, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akamwambia kwamba amekuja mwalimu Msambaa, na kwamba kwa Wasambaa anayeacha makofi kwanza anamtakia mwenzake kifo.

Asubuhi nikakutana na Mzee njiani. "Mwakeye!" akasema, akainama, akapiga makofi. "Mwakeye neza!" nikajibu, nikainama, nikapiga. Tukaulizana ya nyumbani. Tukaulizana ya mvua. Maneno yakatuishia, makofi yakaendelea. Wanafunzi wakapita, wakarudi, wakasimama kutazama. Viganja vyangu vikawa vyekundu, na Mzee naye nikamwona jasho likimtoka chini ya kofia, lakini kila nilipopunguza yeye aliongeza. Mwalimu wa Kemia alikuwa ameegemea mlango wake na kikombe cha chai.

"Salimianeni, jamani," akasema. "Msione haya."

Kengele ya shule ndiyo iliyotuokoa. Mimi niligundua uongo ule baada ya majuma machache, nilipomwona mtu mwingine akimsalimu Mzee na kumaliza kwa amani. Nikaenda kumgombeza jirani yangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia basi na Mzee aambiwe. Akakataa katakata. Alisema uongo uliokwisha ota mizizi haung'olewi, hupaliliwa. Kwa hiyo mimi na Mzee tukaendelea kupigiana makofi kila tulipokutana, mimi nikijua na yeye, nilivyodhani, hajui. Nilijifunza kupita njia ya nyuma.

Ukimwona maabara ungesema ni mtu mwingine. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, na mwanafunzi aliyeingia na kandambili alirudishwa hata kama ni mtoto wa mkuu wa wilaya. Lakini mtu huyo huyo aliyefunga chupa za asidi kwa kufuli mbili, alipanda bodaboda upandeupande, bila kofia, akiwa na kuku mkono mmoja na simu mkono mwingine, akimwambia dereva aongeze mwendo. Alikula maandazi ya juzi. Alikunywa dawa za kifua zilizoandikwa jina la mtu mwingine. Nilipomuuliza alisema mwili wake ni mali yake, na maabara ni mali ya umma.

Kitu kimoja tu kilimtoa utani mdomoni, nacho ni risasi. Sisemi ya bunduki. Nasema ile metali laini, nzito, inayokaa ndani ya betri za magari na za sola. Akiona mtu amebeba betri kuukuu begani alimsimamisha, akamuuliza anaipeleka wapi, na asiporidhika na jibu alimfuata. Siku moja aliacha foleni ya hospitali akamfuata kijana mwenye betri mpaka stendi, na foleni ikampita.

Msemo wake ulikuwa mmoja, na aliutumia kwa mambo yote, kuanzia taa mpaka wanasiasa: "Kitu kikiwaka, usikisifu kwanza. Kiulize kimekula nini."

Umri ule ambao walimu wengine wanahesabu mifugo ya kustaafia, yeye alijiandikisha chuo kikuu Dar es Salaam kusomea udaktari wa falsafa. Alikwenda likizo, akarudi na vichupa na neno jipya: perovskaiti. Tulilisikia chumba cha walimu asubuhi, mchana, na kupitia ukuta.

Siku moja nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu wa fasihi. Akasema niifikirie siku ya gulio pale Kasulu. Kila mchuuzi ana sehemu yake, wa dagaa huku, wa ndizi kule, na safu zinajirudia hivyo hivyo mpaka mwisho wa soko. Perovskaiti ni fuwele za namna hiyo. Punje zake ndogo mno zimejipanga safu kwa safu, na ukizipitishia umeme zinaurudisha ukiwa mwanga. Ukibadilisha mchuuzi mmoja, rangi ya mwanga inabadilika. Zinapakwa juu ya kioo tabaka jembamba kuliko utando wa vitunguu, na hakuna haja ya tanuri kubwa wala kiwanda cha kutisha.

"Kwa nini basi hatuna taa hizo?" nikauliza.

"Kwa sababu mchuuzi wa katikati ya soko, yule anayevuta wateja wote, ni risasi. Karibu kila anayetaka mwanga mkali anaweka risasi. Inawaka vizuri, Mwalimu. Nakwambia ukweli, inawaka mpaka unaipenda. Mimi namtafuta mchuuzi mwingine."

Alimtafuta kweli. Alikuwa akizipima fuwele zake kwa tochi ya rangi ya zambarau, ile ya kukagulia noti, aliyoiazima kwa mwenye duka la vitambaa mjini, mzee wa Pangani mwenye subira. Tochi ilikaa kwake mpaka mzee akaja mwenyewe shuleni kuidai. Akamwambia, "Mzee wangu, naogopa kukurudishia. Tochi hii ukiitumia sana inaonyesha umri wa kweli wa mtu." Mzee akajipapasa ndevu zake zilizopakwa hina, akasema basi ikae kidogo.

Kwa nini risasi isiwemo, niliambiwa mchana mmoja tukimenya mihogo nyuma ya nyumba yake. Binti yake alikuwa anaanika nguo. Alikuwa mwanamke mzima tayari, mwepesi wa kucheka na mzito wa kusema. Alisema neno, akapumzika, akatafuta lingine. Shule ilimshinda mapema. Nilizoea kudhani kwamba Mungu alimuumba hivyo.

"Huyu hakuzaliwa hivi," Mwalimu akasema, kisu kikiendelea. "Tulikuwa Kibondo, mimi na baba yake, tumeoana juzi. Betri mbovu zilikuwa kila mahali. Tunazipasua kwa shoka, tunatoa risasi, tunaiyeyusha kwenye sufuria, tunamwaga kwenye mchanga tupate vipande vya kuzamishia nyavu. Wavuvi wa Ziwa wanavigombea. Sufuria tunaisugua kwa majivu, jioni tunapikia maharage. Na yeye alikuwa anatambaa hapo hapo uani. Analamba kila kitu. Tulikuwa tunacheka, tunasema mtoto ana njaa huyu."

Akautazama muhogo.

"Nilikuwa nimeshamaliza ualimu. Wa kemia, mwanangu. Asubuhi nafundisha elementi ubaoni, jioni namlisha mwanangu risasi."

Daktari mmoja aliyehamishiwa Kibondo kutoka mbali ndiye aliyewaambia baadaye kwamba ni sumu ya risasi, na alisema pia kwamba kilichoharibika hakirudi. Baba wa mtoto hakuiweza habari hiyo, akaondoka. Niliumia kusikia. Nikaendelea kuumenya muhogo uliokwisha menywa. Binti akatuletea maji, akanionyesha mkononi mwangu muhogo ulivyobaki mwembamba, akacheka.

Tangu siku ile nilielewa kwamba masomo yale hayakuwa ya cheo. Mwalimu wa Kemia alitaka taa isiyo na risasi, amalize masomo yake kwa taa hiyo, au asiyamalize kabisa. Wenzake aliojiandikisha nao walitumia risasi, wakamaliza, wakarudi makwao na kofia za mahafali. Yeye alibaki, na muda wake chuoni ulikuwa unayoyoma.

Mchuuzi wake wa kwanza alikuwa bati. Si mabati ya kuezekea, bali bati lenyewe, metali. Liliwaka vizuri, mwanga mwekundu. Lakini lilikuwa na ugomvi na hewa. Likikutana nayo tu linaharibika, mwanga unafifia mpaka unazimika. Chuoni walikuwa na sanduku la kioo lisilo na hewa ya kawaida, mtu anafanya kazi humo kwa kuingiza mikono kwenye glavu ndefu. Kasulu hatukuwa na sanduku hilo. Tulikuwa na nta. Aliipata kwa warina asali wa misitu ya Kibondo, na vioo vyake akavisafirisha ndani ya mitungi midogo iliyozibwa nta nene, akivipakata kwenye basi.

Msimamizi wake, ambaye sote tulimwita Profesa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemvumilia kuliko sheria zinavyotaka. Akamwandikia kwamba atapita Kasulu akielekea Kigoma, na kwamba anataka kuiona taa ikiwaka mbele ya macho yake, aupime mwanga kwa kifaa chake. Ikiwaka vya kutosha, ataomba aongezewe muda. Isipowaka, basi.

Mwalimu hakulala vizuri juma lile. Nilimsikia ukutani akitembea. Aliniambia taa ikifunguliwa itavumilia hewa kwa muda wa mtu kunywa chai yake bila kuongea. Inatosha kuunganisha waya, Profesa asogee, apime, aandike.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe tulimpokea Profesa nyumba ya wageni. Wakati wa kuagana nilimwona Mwalimu wa Kemia amemwinamia, ananong'ona naye, uso wake ule wa kanisani ukiwa umetulia kabisa. Profesa akaitikia kwa kichwa, kwa makini kama mwanafunzi. Ningejua anachoambiwa ningemziba mdomo kwa kiganja.

Maabara ilikuwa imetiwa giza kwa blanketi madirishani. Ndani tulikuwa wachache: mkuu wa shule, Mzee Mwenyekiti wa bodi kwenye kiti cha heshima karibu na mlango, mimi, na Mwalimu wa Kemia mezani na mtungi wake. Wanafunzi walikuwa nje, wamegandamana ukutani. Tukasikia gari. Tukasikia hatua. Mwalimu akaona wakati ndio huu, maana ncha za kuunganishia umeme zilikuwa ndani ya mtungi. Akakata nta kwa wembe, akatoa kioo, akabana waya.

Kikawaka. Kilikuwa kidogo kama ukucha, chekundu kama kaa la jiko lililopulizwa, na giza la maabara nzima likaanza kurudi nyuma. Nilimwona Mwalimu midomo ikimcheza.

Mlango ukafunguliwa, Profesa akaingia na kifaa chake cha kupimia. Akapiga hatua moja kuelekea mezani.

Mzee Mwenyekiti akasimama. Akainama. "Mwakeye!" Akapiga makofi.

Profesa akasimama pale pale. Akakitia kifaa kwapani, akainama, akapiga makofi. "Mwakeye neza!"

Wakaulizana safari. Wakaulizana Dar es Salaam. Wakaulizana mvua ya huku na joto la kule. Maneno yakaisha. Makofi hayakuisha. Nikamtazama Mwalimu wa Kemia, naye akanitazama, na katika mwanga ule mwekundu nikaona uso wa mtu anayekumbuka alichokisema jana.

"Mzee wangu, samahani," akaanza, "Profesa asogee kwanza..."

Mzee akamgeukia kwa upole, akamjumuisha na yeye kwenye salamu. Mwalimu wa Kemia alikuwa mwongo, alikuwa mtundu, lakini alikuwa Mha, na mzee alikuwa anampigia makofi. Akapiga magoti. Akapiga makofi. Mkuu wa shule akaona asiwe yeye peke yake asiye na adabu, naye akaanza. Nje, wanafunzi waliposikia makofi maabara nzima wakajua taa imefaulu. Wakalipuka vigelegele, wakaanza kupiga makofi wao pia, na jogoo wa mpishi wa shule akawika.

Mimi peke yangu niliitazama taa. Ilitoka wekundu ikawa kahawia. Ikatoka kahawia ikawa uchafu tu juu ya kioo. Mzee alikwisha keti kwa kuchoka, bado anapiga makofi akiwa kitini.

"Iko wapi?" Profesa akauliza, alipokumbuka kilichomleta.

"Ilikuwepo, Profesa," nikajibu mimi. "Imekufa mkisalimiana."

Hakucheka mtu. Profesa akakisogelea kioo, akakigeuzageuza, akakirudisha mezani taratibu. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni, na hilo lilifanya mambo yawe magumu zaidi.

"Mwalimu, taa inayokufa kwa salamu si taa. Weka risasi. Kidogo tu, mwanga utaruka, umalize, upumzike. Vinginevyo sitaweza kukutetea tena."

"Basi usinitetee, Profesa."

"Umri huu, Mwalimu?"

"Umri huu huu."

Mwalimu akamsindikiza mpaka garini kwa heshima zote, akampa asali ya njiani, akamwambia mgeni siku mbili, ya tatu angempa jembe, kwa hiyo awahi. Kisha akarudi nyuma ya maabara, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikamfuata. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na sikuweza kujua kipi kimeanza.

"Nimejimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe," akasema. "Nilishindwa kujizuia, mwanangu. Amekuja na tai kutoka Dar, ananiuliza mila za huku. Ungeweza wewe?"

Jioni ile alikwenda kwa Mzee Mwenyekiti kumwomba radhi na kumweleza uongo wote tangu mwanzo. Nilikwenda naye kama shahidi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Ya huyu Msambaa niliyajua siku ya tatu tu," akasema. "Shemeji yangu aliishi Tanga, nikamuuliza. Lakini asubuhi kuna baridi, na mikono inapata joto. Nikasema ngoja nione atachoka lini."

"Na leo, Mzee?" nikauliza kwa hasira.

"Leo nilitaka kuacha mapema. Nikaona mgeni haachi. Nikasema kweli huyu profesa ana adabu, nitamwachaje?"

Mwalimu wa Kemia akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalimtikisika muda mrefu.

Chuo kikamfuta kwenye orodha yake. Watu Kasulu walidhani sasa atatulia, afuge. Kwa muda alitulia kweli, mpaka nikaanza kuukosa ule mwendo wake ukutani. Halafu nikausikia tena. Alikuwa ameachana na bati, amehamia kwenye shaba, pamoja na aidini na metali nyingine adimu ambayo mwenzake wa chuo alimpa kidogo kwenye kichupa. Mwanga uliopatikana haukuwa mwekundu, ulikuwa wa buluu. Na shaba ile haikugombana na hewa. Aliiacha juu ya meza ya chumba cha walimu, katikati ya chaki na vikombe, kila asubuhi anaimulika kwa tochi ya mzee wa Pangani, na kila asubuhi ilijibu kwa kung'aa.

Tatizo lilikuwa jingine. Kuimulika ni rahisi, kuipa umeme ikawaka yenyewe ni kazi, na ilipowaka iliwaka kwa unyonge. Profesa mwingine alimpokea tena chuoni, mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wake. Wakahangaika naye miaka. Mimi nikahamishiwa Munanila, tukabaki kusalimiana kwa simu. Kila nilipomuuliza maendeleo alinidanganya kitu tofauti. Mara ameolewa na Mkongo wa kambi ya wakimbizi. Mara taa imewaka mpaka kuku wa jirani wakadhani kumekucha. Nikaacha kuuliza.

Mwaka huu nilitumwa Kibondo kusimamia mitihani, nikasikia kwamba amestaafu na amejenga Kitahana. Jumapili mchana nikakodi bodaboda. Mvua ilinikuta njiani, nikafika nimelowa chapachapa. Akanipokea mlangoni, amekonda, miwani ile ile au dada yake.

"Umezeeka, Mwalimu wa Kiswahili," akasema. "Ingia, kabla majirani hawajajua kwamba natembelewa na wanaume."

Jikoni kulikuwa na giza, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua, moto unafuka. Binti yake alikuwa ameketi mkekani akichambua maharage, na pembeni yake kulikuwa na mtoto, ndio kwanza ameanza kutambaa. Sikuwa nimeambiwa kwamba kuna mjukuu. Mtoto alinitazama, akapiga kelele ndefu ya maneno yasiyo na maana, moja baada ya jingine bila kupumzika, na bibi yake akafumba macho kidogo akimsikiliza.

Nikamuuliza kuhusu masomo. Nikamwambia safari hii nataka ukweli.

"Nilimaliza. Walinivalisha kofia. Waliandika kwamba mwanga wa taa yangu ni hafifu, na ni kweli, ni hafifu. Mmoja aliuliza kama nilifikiria kutia risasi kidogo tu. Nikamwambia nilishawahi kutia kidogo tu."

Akanyoosha mkono darini, akashusha kitu kilichoning'inia kwenye waya mbili nyembamba, kimezungushiwa plastiki safi, ngumu, kama tone. Akaunganisha kwenye betri ndogo za tochi. Kikawaka buluu. Sitaki kusema uongo, huo tulimwachia yeye. Usingeweza kusomea mwanga ule. Ungeona kidole chako, basi. Nikatafuta neno la kumpa, nikiwa mtu wa maneno, nikakosa.

Akakiweka mkekani ili akoleze moto. Mtoto alikitambalia, akakikamata kwa mikono miwili, akakitia mdomoni.

Niliruka. Sikufikiri, mikono ilikwenda yenyewe. Kabla sijamfikia, Mwalimu wa Kemia akanikamata mkono kwa nguvu nisiyoitegemea kwa mtu aliyekonda vile.

"Mwache," akasema.

"Mama, anailamba!" nikapiga kelele.

"Naona."

Mtoto alifunga mdomo, waya mbili zikachomoza kama sharubu, na mashavu yake yakawaka. Yote mawili, buluu, katikati ya moshi wa jikoni. Akatugeukia na mashavu yale, akitutazama mmoja mmoja. Binti aliacha maharage yake. Akamnyooshea mtoto kidole, akacheka, akatafuta neno, akalipata, akalisema.

"Ana... waka."

Mwalimu wa Kemia hakuniachia mkono. Alikuwa analia waziwazi, bila kujifunika.

"Mwache alambe," akasema. "Hii, mwache alambe."